Namna ya Kuhakiki Tamthilia za Televisheni za Uingereza bila Kuchanganya Rangi ya Waigizaji na Kufifia kwa Ubunifu

Kila tamthilia mpya ya Uingereza inapotangazwa, dai lilelile huibuka: kwamba zamani vituo vikubwa vya nchi hiyo, BBC na ITV, vilikuwa vikitoa kazi za kuthubutu, na kwamba siku hizi vituo hivyo vimejishughulisha mno na kuhesabu rangi za waigizaji hata vikasahau kubuni. Ndani ya dai hili mna mambo mawili ambayo mara nyingi huletwa kama jambo moja. Mwongozo huu unamlenga anayetaka kuandika uhakiki wa tamthilia hizo, au kuzijadili na wenzake kwa hoja, bila kulikubali dai hilo kwa jumla wala kulikataa kwa jumla.

Nautaja msimamo wangu mapema ili msomaji aupime anapoendelea kusoma. Ubunifu umepungua katika maeneo kadhaa, hasa katika vituo vinavyotegemea fedha za ndani, lakini chanzo kikuu ni gharama pamoja na woga wa wakuu wanaoidhinisha tamthilia. Uteuzi wa waigizaji wa asili mbalimbali haukuleta upungufu huo. Kosa lake, pale lilipo, ni kwamba umetumiwa kama njia nafuu ya kuonyesha mabadiliko huku kalamu na mfuko vikibaki mikononi mwa walewale.

Bainisha kwanza ubunifu unaouzungumzia

Mhakiki asiyesema ubunifu ni nini ataishia kulalamika kwamba mambo si kama zamani. Upo ubunifu wa mada, yaani kuleta kwenye kioo jambo ambalo kioo hakijawahi kulionyesha. Upo ubunifu wa umbo, yaani namna hadithi inavyosimuliwa na kupigwa picha. Na upo ubunifu wa sauti, yaani mtu ambaye hajawahi kusikika anaposimulia kwa lafudhi na mtazamo wake mwenyewe. Cathy Come Home, iliyorushwa na BBC mwezi Novemba 1966 chini ya uongozaji wa Ken Loach, ilikuwa mpya kwa mada na kwa umbo pia: kamera ilishikwa mkononi na kutolewa studio hadi mitaani, na familia inayopoteza makazi ikaonyeshwa kwa namna iliyowafanya watazamaji wadhani ni taarifa ya habari. The Singing Detective ya Dennis Potter, ya mwaka 1986, haikuwa na mada ngeni sana, kwa kuwa mgonjwa aliyelazwa hospitalini ni mhusika wa kawaida; kilichokuwa kigeni ni kwamba madaktari na wauguzi waliweza kuanza kuimba ghafla kando ya kitanda chake, na riwaya aliyoiandika, utoto wake na ugonjwa wake vikapishana bila mtazamaji kuonywa.

Andika basi, katika aya yako ya kwanza au ya pili, ni ubunifu upi unaodai umekosekana. Ukishindwa kuuandika kwa sentensi moja, hujawa tayari kuhakiki.

Linganisha vinavyolinganishika

Kosa la pili huonekana dogo lakini ndilo huharibu hoja nyingi. Watu huchukua tamthilia tano bora za miaka 20 ya zamani na kuziweka kando ya chochote kilichorushwa juma hili. Miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na tamthilia nyingi za hovyo. Zimesahaulika, na kanda za nyingi zilifutwa ili zitumike tena, hivyo kilichobaki kumbukumbuni ni kile kilichochujwa. BBC hiyohiyo iliyotuletea Ken Loach iliendelea hadi mwaka 1978 kurusha The Black and White Minstrel Show, ambamo waimbaji weupe walipakwa rangi nyeusi usoni. Anayesifu enzi hizo hana budi kuibeba pia sehemu hiyo.

Hata hivyo usiwanyime wenye malalamiko haki yao. Kulikuwa na jambo moja la kimfumo ambalo kwa kweli limetoweka, nalo ni nafasi ya kila juma kwa tamthilia inayojitegemea. The Wednesday Play ilianza mwaka 1964, ikageuka Play for Today mwaka 1970, na ikaendelea hadi 1984. Mwandishi chipukizi aliweza kupewa saa moja au zaidi ya hewa, akakosea, na juma lililofuata nafasi ikapewa mwingine bila kituo kufilisika. Tamthilia ya mfululizo haitoi ruhusa hiyo ya kukosea, kwa sababu sehemu ya kwanza ikishindwa, nyingine tano tayari zimelipiwa. Linganisha mifumo hiyo miwili, na utaona kwamba tofauti ya enzi hizo inaanzia kwenye ratiba kabla haijafika kwenye nyuso.

Tambua aina ya uteuzi wa waigizaji uliofanyika

Hapa ndipo mjadala huchafuka zaidi. Watu husema uteuzi wa waigizaji wa asili mbalimbali kana kwamba ni tendo la aina moja, ilhali mtazamaji makini anaweza kutenganisha aina kadhaa, na kila aina hupimwa kwa kipimo chake.

Aina ya kwanza haijali rangi kabisa. Mwigizaji hupewa nafasi kwa uwezo wake, na mtazamaji hutarajiwa aipuuze rangi yake kama anavyopuuza kwamba ukuta wa jukwaa ni mbao. Jambo hili lilikomaa kwanza kwenye tamthilia za jukwaani: David Oyelowo, mwigizaji mweusi, alimwigiza mfalme Henry VI katika Royal Shakespeare Company kuanzia mwaka 2000, na Adrian Lester, naye mweusi, akawa mfalme Henry V katika National Theatre mwaka 2003. Kwenye jukwaa desturi hiyo hukubalika kirahisi kwa sababu kila kitu kinajulikana kuwa ni igizo. Televisheni yenye mishumaa halisi na matope halisi humwahidi mtazamaji kitu kingine. Wolf Hall ya mwaka 2015, tamthilia ya BBC kuhusu baraza la mfalme Henry VIII, ilijengwa juu ya ahadi hiyo, hata matukio mengi ya usiku yakapigwa picha kwa mwanga wa mishumaa. Iliporudi mwaka 2024, baadhi ya watu wa nyumba na familia zilezile waliigizwa na waigizaji wasio weupe. Naona aliyeuliza kwa nini kanuni ya mchezo ilibadilika katikati alikuwa na swali la kisanaa linalostahili jibu, ingawa wengi waliouliza hawakuwa na nia ya kisanaa.

Aina ya pili huizingatia rangi na kuiandika ndani ya hadithi. Mwezi Desemba 2023 BBC ilirusha Murder Is Easy, iliyotokana na riwaya ya Agatha Christie, ambamo Luke Fitzwilliam, aliyeigizwa na David Jonsson, alifanywa kuwa kijana kutoka Nigeria anayewasili Uingereza. Papo hapo kijiji cha Kiingereza chenye siri zake kinatazamwa kwa macho ya mgeni kutoka koloni, na hadithi iliyozoeleka inapata swali jipya. Unaweza kusema swali hilo halikuchimbwa vya kutosha. Lakini huwezi kusema uteuzi huo haukuwa na sababu.

Aina ya tatu hubuni ulimwengu mzima, kama Uingereza ya kale yenye makabaila weusi katika Bridgerton, ambayo ni kazi ya kampuni ya Marekani iliyopigwa picha Uingereza na kurushwa na Netflix kuanzia Desemba 2020. Kuitumia kama ushahidi wa kuporomoka kwa televisheni ya Uingereza ni kukosea anwani.

Aina ya nne ndiyo inayostahili ukali wa mhakiki, nayo ni uteuzi wa pambo. Daktari mkuu, hakimu au mkuu wa polisi ni mtu mweusi au mwenye asili ya Asia, anatoa amri mbili tatu, hana mke, mama, mtaa wala kumbukumbu, na hadithi ingeendelea vilevile asingekuwepo. Chukua kalamu na karatasi unapotazama, kisha ujiulize kuhusu kila mhusika wa namna hiyo: anarudi nyumbani kwa nani? Anaongea na nani akiwa hana kazi? Luther, tamthilia ya BBC ya mpelelezi mweusi iliyoanza mwaka 2010, ilipata kulaumiwa kwa misingi hiyo mwaka 2021, pale afisa wa BBC wa masuala ya uwakilishi aliposema mhusika huyo hana hata marafiki weusi. Lawama hiyo ilidhihakiwa sana, na mimi mwenyewe naona Idris Elba, aliyemwigiza, alimpa mhusika huyo uzito ambao mswada haukumpa. Lakini jambo lenyewe ni la kweli: nafasi hiyo haikuandikwa kwa kuifikiria rangi ya mtu yeyote, na inaonekana.

Tahadhari moja kuhusu historia. John Blanke, mpiga tarumbeta mweusi, alilipwa mshahara katika baraza la Henry VII na la Henry VIII, na picha yake imo katika hati ya mashindano ya Westminster ya mwaka 1511. Ushahidi huo unatosha kumweka mtu mweusi katika ua wa mfalme kwenye tamthilia yoyote ya enzi hizo. Hautoshi kueleza kwa nini Jodie Turner-Smith, mwigizaji mweusi, alimwigiza Anne Boleyn, malkia wa Henry VIII, katika tamthilia ya Channel 5 ya mwaka 2021, kwa sababu uamuzi huo ulikuwa wa kisanaa na haukuhitaji kisingizio cha historia. Usichanganye hoja hizi mbili. Wapinzani wako watafurahi ukizichanganya.

Fuata fedha

Aliyetaka kujua kwa nini tamthilia za Uingereza zinafanana asianze na orodha ya waigizaji, aanze na hesabu. BBC hutegemea ada ya leseni ya televisheni inayolipwa na kila kaya inayotazama. Ada hiyo iligandishwa kwenye pauni 145.50 kuanzia mwaka 2010 hadi 2017, ikagandishwa tena kwenye pauni 159 kwa miaka miwili hadi Aprili 2024, huku bei za kila kitu zikipanda. Katika kipindi hichohicho, kuanzia Aprili 2013, serikali ilitoa nafuu ya kodi kwa tamthilia za gharama kubwa, yaani zile zinazogharimu angalau pauni milioni 1 kwa saa. Nafuu hiyo ilizivuta kampuni za Marekani kuja kupiga picha Uingereza, nazo zikaja na mifuko minene. Malipo ya mafundi, studio na waigizaji yakapanda kufuata uwezo wa wageni, na wenyeji wakajikuta wanashindwa kukodi mitambo katika nchi yao wenyewe.

Matokeo yake ni kwamba kituo cha Uingereza kikitaka kutengeneza tamthilia kubwa, hulazimika kutafuta mshirika wa ng'ambo. Mshirika wa ng'ambo huuliza kama hadithi itaeleweka Ohio au Berlin. Maiti iliyokutwa kando ya ziwa na mpelelezi mwenye huzuni huuzika popote. Mgogoro wa halmashauri ya mji wa kaskazini mwa Uingereza hauuziki. Peter Kosminsky, mwongozaji wa Wolf Hall, aliieleza kamati ya Bunge mwanzoni mwa mwaka 2025 kwamba yeye na wenzake, Mark Rylance akiwamo, walilazimika kukubali kupunguziwa malipo ili msimu wa pili utengenezwe. Mwezi Aprili mwaka huo kamati ilipendekeza kampuni za kurusha vipindi kwa njia ya intaneti zitozwe asilimia 5 ya mapato ya wateja wao wa Uingereza ili kusaidia tamthilia za ndani.

Mfano unaotosha kufunga mdomo wa anayedhani soko litajirekebisha lenyewe ni Mr Bates vs The Post Office. ITV iliirusha katika siku za kwanza za Januari 2024. Ilihusu wakuu wa posta ndogondogo, baadhi yao wenye asili ya Asia, waliohukumiwa kwa wizi ambao kwa kweli ulikuwa hitilafu ya mfumo wa kompyuta. Taifa zima liliitazama, na kufikia mwezi Mei mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Pamoja na hayo yote, ITV yenyewe ilieleza kwamba tamthilia hiyo iliiletea hasara, kwa kuwa haikuuzika nje kama ilivyotarajiwa. Ikiwa tamthilia iliyogeuza sheria ya nchi huingiza hasara, mkuu wa kituo anayechagua mpelelezi mwingine mwenye huzuni anafanya hesabu ambayo mtu yeyote katika kiti chake angeifanya.

Usiache pia vipindi vya kila siku ambavyo wahakiki huvidharau. Doctors, iliyorushwa na BBC mchana tangu mwaka 2000, ilifungwa Novemba 2024 kwa sababu ya gharama. Haikuwa kazi ya kukumbukwa, lakini waandishi na waongozaji wengi wasiojulikana walijifunzia humo kufanya kazi kwa haraka na kwa bajeti ndogo. Ngazi hiyo ikiondolewa, anayepanda ni yule mwenye ndugu juu.

Uliza kalamu imeshikwa na nani

Hatua hii ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayolipindua dai tulilolianza nalo. Soma majina yanayopita mwishoni mwa kipindi, ambayo wengi huyaruka, na uyatenge: mwandishi, mwongozaji, mtayarishaji, na mkuu aliyeidhinisha.

Chukua Doctor Who, tamthilia ya BBC ya msafiri wa wakati aitwaye Doctor, ilivyoanza mwaka 1963. Waigizaji wake wakuu wote walikuwa weupe. Lakini aliyeisukuma ndani ya BBC alikuwa Sydney Newman, mkuu wa tamthilia aliyetoka Kanada. Mtayarishaji wake wa kwanza, Verity Lambert, alikuwa mwanamke asiyefikia miaka 30 katika idara iliyojaa wanaume. Na mwongozaji wa hadithi ya kwanza, Waris Hussein, alikuwa kijana aliyezaliwa Lucknow, India. Watu watatu ambao mazoea ya taasisi yasingewachagua ndio walioianzisha kazi ambayo imedumu zaidi ya miaka 60. Rukia mwaka 2023: Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda na kukulia Scotland, anachukua nafasi ya Doctor, na uso mkuu wa kipindi unakuwa mpya kabisa. Aliyekiongoza na kuandika sehemu kubwa ya hadithi alikuwa Russell T Davies, yuleyule aliyekifufua mwaka 2005. Namheshimu Davies, lakini mhakiki anayetafuta sababu ya uchovu wa misimu ile akimwangalia Gatwa ataikosa.

Au chukua ofisi ya BBC ya Pebble Mill, Birmingham, chini ya David Rose, aliyeongoza idara ya tamthilia za mikoani kuanzia mwaka 1971 hadi 1981 na kupewa jukumu la kutafuta waandishi nje ya London. Humo ndimo ilimotoka Penda's Fen mwaka 1974, kazi ya ajabu kuhusu mtoto wa mchungaji anayetokewa na malaika na mfalme wa kipagani katika vilima vya Worcestershire. Humohumo ndimo ilimotoka Empire Road, mwaka 1978 na 1979, iliyoandikwa na Michael Abbensetts, mzaliwa wa Guyana. Mhusika mkuu, mwenye duka na nyumba za kupangisha, aliyeigizwa na Norman Beaton, anautawala mtaa wake kwa maneno na majivuno, huku kijana wake akimpenda msichana wa familia ya Kihindi na kuzitia familia zote mbili kiwewe. Hakuna mzungu aliyewekwa katikati ili awaeleze. Ofisi moja, bosi mmoja, na bajeti ya aina moja vilizaa ubunifu wa umbo na upana wa sauti kwa wakati mmoja. David Rose akaondoka kwenda Channel 4, ambayo sheria ilikuwa imeiagiza ithubutu katika umbo na maudhui, na huko kituo kikagharimia filamu ya My Beautiful Laundrette iliyoandikwa na Hanif Kureishi mwaka 1985.

Kwa miaka ya karibuni, tazama Lovers Rock, mojawapo ya filamu tano za Small Axe ambazo Steve McQueen aliitengenezea BBC mwaka 2020. Ni usiku mmoja wa sherehe katika nyumba ya Wakaribi magharibi mwa London, na visa vyake ni vichache mno. Wimbo unaisha, muziki unazimwa, lakini wanaocheza hawasimami. Wanaendelea kuuimba wenyewe kwa dakika kadhaa, macho wameyafumba, nyayo zikigonga sakafu. Mwongozaji anayeogopa mtazamaji atabadili kituo angekata mapema. Michaela Coel, mwandishi na mwigizaji, naye, kabla ya tamthilia yake I May Destroy You ya mwaka huohuo, aliikataa Netflix iliyompa dola milioni 1 bila kumwachia sehemu ya umiliki wa kazi yake, akaenda BBC ambako aliachiwa uhuru wa kuandika atakavyo. Mwaka 2021 akapata tuzo ya Emmy ya uandishi. Na Daniel Kaluuya, mwana wa Waganda wa London, aliingia Skins, tamthilia ya vijana, akiwa kijana mdogo, akiigiza na pia kushiriki kuandika, kwa kuwa waanzilishi wa kipindi hicho waliamua kuwakaribisha vijana kwenye meza ya waandishi.

Ukipata tamthilia yenye nyuso za kila asili lakini orodha ya waandishi imebaki ya watu wa shule na mitaa ileile, hapo una hoja. Iandike bila kumgusa mwigizaji, ambaye alifika kwenye usaili, akapata kazi, na hakuandika hata sentensi moja ya mswada.

Tumia takwimu kwa kipimo

Mlalamikaji atakuambia watu weusi kwenye kioo ni wengi kuliko walivyo nchini. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba katika England na Wales watu weupe walikuwa asilimia 81.7, wenye asili ya Asia 9.3 na weusi 4.0; lakini ndani ya London weupe walikuwa asilimia 53.8 tu. Tamthilia ya hospitali ya London na ya kijiji cha Cornwall haziwezi kupimwa kwa asilimia moja. Kwanza taja mahali hadithi inapotokea, kisha ndipo uhesabu, ukiona kuna haja ya kuhesabu.

Uandikapo hukumu yako

Tenga aya ya umbo, aya ya uandishi na aya ya uigizaji, na usiruhusu lawama ya aya moja ivuke kwenda nyingine bila kuithibitisha. Adolescence, ya Machi 2025, kuhusu mvulana anayeshtakiwa kwa mauaji, ni zoezi zuri la kuanzia: sehemu nne, kila moja imepigwa picha kwa mkupuo mmoja bila kukatwa, chini ya uongozaji wa Philip Barantini, na mpelelezi wake ameigizwa na Ashley Walters, Mwingereza mweusi mwenye mtoto katika shule ileile anayoichunguza, mtoto ambaye ndiye anayemfumbulia baba yake maana ya alama za vijana mtandaoni. Rangi yake haisemwi, ila ubaba wake unasemwa. Waandishi ni Jack Thorne na Stephen Graham. Mlipaji ni Netflix. Iandikie kurasa mbili kwa hatua zilizotangulia, na swali la mlipaji lisikose, kwa sababu tamthilia ya Uingereza iliyozungumzwa mno mwaka huo, hadi Waziri Mkuu kuitaja bungeni, haikutoka BBC wala ITV.